Moshi Usio na Moto

Ule moshi mnaouona asubuhi ukisimama katikati ya Ziwa Nyasa, mweusi na mrefu, bila moto chini yake, haukuwapo zamani. Zamani moshi ulikuwa wa nchi kavu, na ziwa lilikuwa maji matupu. Mvuvi akienda mbali hata ufuko ukamzamia machoni, alirudi kwa kuufuata moshi wa kwake. Kwa hiyo mke wa mvuvi alikuwa na kazi nyingi, lakini moja ndiyo iliyozidi zote: kuulisha moto mpaka mumewe arudi.

Katika zama hizo aliishi Subilaga, mke wa Asajile. Kipupwe kilipoingia, wawili hao walihamia dago, kambi ya wavuvi, wakajenga kibanda cha matete kando ya maji. Walikuwa wameoana baada ya mavuno, na Subilaga alikuwa na mimba changa ambayo hakuwa amemwambia mtu ila mumewe.

Siku yenyewe ilianza kwa utulivu wa kupendeza. Asajile aliziba tundu la mtumbwi kwa nta, akala kiporo cha ndizi, akaenda zake. Subilaga akafagia uwanja, akasiriba ukuta uliopasuka, akaanika usipa, dagaa wa ziwa lile, juu ya mawe. Kila alipopita karibu na moto aliutupia kuni na majani mabichi, na moshi ukapanda mnene. Alikuwa anaimba. Mwanamke mwenye mume hodari na tumbo jipya, kwa nini asiimbe?

Alasiri mawingu yalishuka yakaifunika milima. Kuni zikawa chache. Subilaga akaingia kichakani, akafunga mzigo, akaubeba kichwani. Alipokuwa anarudi alimwona mzee ameketi kwenye gogo mbele ya kibanda, fimbo magotini, anatazama ziwa. Alikuwa Mzee Mwasanga, baba yake Asajile.

Hapo lazima mwelewe mila ya watu wale. Mkwe na mke wa mwanawe hawakuonana uso kwa uso. Mwanamke akimwona mkwewe hujificha mpaka apite. Mkwe naye hakuugusa moto wa mke wa mwanawe, kwa kuwa waliamini mkono wake ungelifunga tumbo la yule mwanamke asizae kamwe. Mwacha mila ni mtumwa, na hao wawili hawakuwa watumwa. Subilaga akajibanza kwenye matete, mzigo kichwani, akangoja mzee aondoke.

Mzee hakuondoka. Alikuwa amekuja kumlaki mwanawe na kuonja samaki wa kwanza wa msimu, na magoti yake hayakuwa na haraka. Aliuona moto unafifia. Akajiambia kwamba mwenyewe ameenda kutafuta kuni, atarudi sasa hivi. Na mwenyewe alikuwa nyuma yake, karibu kiasi cha kumsikia akikohoa, anautazama moshi ukiwa mnene, kisha mwembamba, kisha uzi. Upepo wa mwera, ule mkali wa kusini, ukaanza kuvuma, maji yakabadilika rangi. Subilaga aliogopa kwa ajili ya mumewe na kwa ajili ya tumbo lake, na hofu hizo mbili zikamshika huku na huku asiweze kusogea.

Uzi ulipokatika, miguu ilimtoka yenyewe. Alijifunika uso kwa nguo, akapita mbele ya mkwewe, akatupa mzigo wote jivuni na kupiga magoti, akapuliza. Jivu lilikuwa la baridi. Mzee akageuza uso. Hawakuwa wamewahi kusemezana, wala hawakusemezana tena baada ya siku ile.

"Niliuona ukizimika," mzee alisema. "Nikasema moto si wangu."

"Nami nilikuwa na kuni kichwani, baba," Subilaga akajibu.

Wakaupekecha moto mpya pamoja, mkono wa mzee na mkono wa mkaza mwana juu ya kijiti kimoja cha ulindi. Lakini giza liliwahi kuingia, na gizani nani auone moshi, nao mwali wa chini haufiki mbali? Asajile hakurudi. Mtumbwi haukuonekana, wala kafi.

Kipupwe kilipokwisha, asubuhi moja watu waliona moshi umesimama katikati ya ziwa. Walishangilia, wakidhani Asajile amepatikana. Wanaume wakapiga kafi kuufuata, na ule moshi ukawakimbia mpaka upepo ukauleta ufukoni wenyewe. Haukuwa moshi. Walikuwa wadudu wadogo wasiohesabika, wakaingia watu machoni na vinywani. Wenye njaa waliwakusanya, wakawaponda na kuwaoka mikate. Subilaga peke yake hakula. Alisema mume wake amechoka kutafuta moshi wa kwao, amewasha wake ili wajue alipo.

Mtoto alizaliwa salama, mwenye afya tele. Jambo hilo ndilo lililomuua Mzee Mwasanga, kwa maana lilimwonyesha kwamba angeweza kutia kuni mapema na lisitokee lolote.

Na tangu siku hiyo moshi ule husimama juu ya ziwa, ukatangatanga, na hakuna mvuvi anayeufuata. Na tangu siku hiyo yeyote apitaye dagoni, awe mkwe, mgeni au adui, hutupia kuni na kwenda zake. Moto wa mvuvi hauna mwenyewe.