Injini Iliyozimwa kwa Adhana

Hapo zamani, enzi za mashindano ya magari ya kupanda milima ya Lushoto, Bi Chausiku alifiwa na mumewe. Akabaki na gereji, na mwanawe mmoja, Muhidini, na amri ya marehemu: adhana ikilia, kila injini izimwe.

Ikafika siku ya kuamkia mashindano ya Muhidini. Fundi Semboja, rafiki wa marehemu, alikuwa amefunga kwenye injini ya gari lake kemshafti kali, ile inayosukuma valvu zifunguke zaidi. Kemshafti kali hutaka springi ngumu, la sivyo valvu huchelewa kurudi, zikagongwa na pistoni. Lakini springi ngumu huzikandamiza tapeti, vile vyuma vidogo vinavyokaa kati ya kemshafti na valvu. Kwa hiyo mafundi huwasha kwanza na springi laini, tapeti zizoeane na kemshafti, ndipo hufunga ngumu. Semboja aliona muda hautoshi. Akafunga ngumu moja kwa moja.

"Ikiwaka isizimwe," alisema. "Ingurume mfululizo mpaka tapeti zizoee, mpaka niseme basi."

Ikawaka. Bi Chausiku alisimama mlangoni. Mara, adhana ya alasiri.

"Zima, mwanangu."

"Mama, bado kidogo!"

"Shemeji, ikizimwa sasa kemshafti itakula tapeti!" alisema Semboja.

"Semboja, tangu lini injini ikamsubirisha Mwenyezi Mungu? Zima!"

Muhidini akazima.

Asubuhi, akiwa peke yake, Muhidini alisikia mlio mdogo ndani ya injini: ta, ta, ta. Akanyamaza. Angesema, mama angemzuia.

Bi Chausiku alishinda nyumbani akivuta tasbihi. Simu ikilia, anashtuka. Simu ya Semboja ikaja: injini ilikufa ghafla kwenye kona, usukani ukawa mgumu, gari likaporomoka. Muhidini yu hai, ila mguu wake umekatwa.

Injini ilipofunguliwa, kemshafti ilikuwa imelika, tapeti zimetoboka.

Wakakutana kando ya kitanda cha hospitali.

"Shemeji, niliharakisha," alisema Semboja. "Ningeanza na springi laini, pengine ingevumilia kuzimwa."

"Aliyesema zima ni mimi," alisema Bi Chausiku. "Lakini, Semboja, ningemjibu nini Mola wangu?"

"Fundi, usijilaumu, na wewe mama usilie," alisema Muhidini. "Mlio niliusikia. Nikaondoa gari."

Kila mmoja akataka kuomba radhi, na kila mmoja akakataa kuombwa.

Haya, nyinyi mliokaa hapa, msinitazame mimi. Aliyeharakisha, aliyeamuru izimwe, au aliyenyamaza: je, nani alistahili kubeba lawama ya mguu ule?