Uzi Mwekundu wa Mkunga Tekla

Waliotutangulia katika imani wametuachia habari ya mkunga mmoja, jina lake Tekla, aliyeishi katika mji mdogo wa Wanubi kando ya Mto Nili, zama zile wafalme wa nchi hiyo walipokuwa Wakristo. Bibi huyu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwa mtawa wala hakutenda muujiza wowote. Alizalisha wanawake, alifuga mbuzi, alikwenda ibadani, basi. Lakini sifa yake ilivuma kwa jambo moja: hakusema uongo.

Wala sisemi uongo mkubwa, maana huo hata wezi wengine huuogopa. Nasema ule mdogo mdogo, tunaoumeza kila asubuhi pamoja na chai. Tekla alipouza mbuzi alimwambia mnunuzi kabla hajaulizwa, "Maziwa anayo, lakini anapiga mateke." Alipoazima sindano ikapinda, aliirudisha na kusema, "Nimeipinda mimi." Mwanamke mwenye uchungu akimwuliza kama bado sana, naye akaona bado sana, alijibu, "Bado sana, mwanangu. Nishike mkono." Wapo waliomlaani kwa hilo, na mwaka uliofuata wakamwita yeye yuleyule. Ikafika mahali wazee wa mji wakaacha kumwapisha katika mashauri. Neno lake lilitosha.

Mji ule ulikuwa na desturi. Wakizaliwa mapacha, mkunga humfunga uzi mwekundu mkononi yule aliyetangulia kutoka, na uzi huo hubadilishwa kila mwaka katika sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, maisha yake yote, ili pasiwe na ugomvi juu ya nani mkubwa. Mzee Merkurio, mkuu wa mji, alikuwa na wana mapacha: Shenuda mwenye uzi, na Bakhomi asiye na uzi. Kwa miaka thelathini na miwili kila mtu alijua kwamba Shenuda ndiye atakayekalia kiti cha baba yake.

Merkurio akafariki. Siku ya saba ya msiba, mtumishi mmoja mzee, Damiana, aliyekuwamo chumbani siku mapacha walipozaliwa, naye yu katika maradhi yake ya mwisho, alimwita Bakhomi akamwambia, "Uzi ulifungwa baadaye, ninyi wawili mkiwa mmelala kwenye kitambaa kimoja. Mwulize Tekla." Kisha akakata roho, akawaachia wenzake moto.

Ulikuwa moto kweli. Kabla ya juma kwisha, watu wa Bakhomi walikaa upande wa mashariki wa kisima na watu wa Shenuda upande wa magharibi, mikuki mikononi, na akina mama waliteka maji katikati yao bila kuinua macho. Wazee wakakata shauri: Jumapili, baada ya ibada, Tekla asimame uani mwa kanisa aseme ni nani aliyetangulia. Pande zote mbili zilikubali upesi, maana zote zilimwamini. Bakhomi mwenyewe alisema, "Mama Tekla akisema ni Shenuda, nitambusu ndugu yangu mkono na yaishe."

Tekla alipoletewa habari hiyo alikuwa akikamua mbuzi. "Nimesikia," alimwambia mjumbe. Mjumbe alipokwenda zake, Tekla aliendelea kukamua mpaka maziwa yakajaa chombo na kumwagika.

Kwa sababu hakujua.

Siku mapacha walipozaliwa ilikuwa adhuhuri, na dhoruba ya mchanga ilikuwa imeufunika mji. Milango na madirisha yalifungwa, chumba kikawa na kiza. Mtoto wa kwanza alitoka kimya, rangi ya jivu, hapumui. Tekla, wakati huo mwanamke wa miaka ishirini na sita, alimlaza kwenye kitambaa akampangusa kinywa na kumpulizia pumzi. Mara akaja wa pili, naye kimya vilevile, akamlaza karibu na mwenziwe. Akahangaika nao, huyu kisha yule, yule kisha huyu, mpaka mmoja akalia na mwingine akafuata. Ndipo alipoukumbuka uzi. Aliwatazama. Walifanana kama punje mbili za mtama. Nje ya mlango Merkurio alikuwa akiuliza, "Yupi? Yupi?" Naye, kwa uchovu, na kwa kuogopa kuonekana mkunga asiyejua kazi, akaufunga uzi kwenye mkono uliokuwa karibu naye na kusema, "Huyu."

Tangu hapo neno lile lilimkaa kooni. Alitubu mbele za Mungu, alifunga, alilia. Kwa Merkurio hakwenda, na kila mwaka uliopita ulimfanya azidi kushindwa kwenda. Badala yake aliweka nadhiri kwamba hatasema uongo mwingine tena, hata wa mbuzi. Tazameni basi, wapendwa: sifa yake yote ya ukweli ilianzia kwenye uongo mmoja, na sasa mji ulikuwa ukimwita aje authibitishe uongo uleule.

Ijumaa alasiri alikwenda kwa Kasisi Isidori, mzee mcha Mungu, akamkuta barazani akishona joho lake. Akamweleza yote. Kasisi aliiweka sindano chini.

"Dada Tekla," alisema, "nani mwingine anayejua?"

"Mungu."

"Mungu amekwisha kukusamehe. Sasa nisikilize. Leo asubuhi nimepita kisimani, nikahesabu mikuki mpaka themanini, nikachoka. Ukisema 'Shenuda', Jumapili jioni watu hawa watakula sahani moja. Ukisema hujui, nitawazika vijana niliowabatiza kwa mikono hii. Ni neno moja tu, dada. Tena huenda likawa kweli."

"Huenda."

"Basi lina kosa gani?"

Mtu mwovu Tekla angemkatalia bila taabu. Huyu alikuwa mwema, naye machozi yalikuwa yakimlengalenga kwa ajili ya watoto wa watu.

"Baba," alisema Tekla, "hata siku ile nilitaka amani. Niliitaka upesi, mle chumbani, baba yao asinifokee. Amani ile ndiyo hii iliyosimama kisimani na mikuki."

"Watakuua, Tekla."

"Naogopa sana, Baba. Niombee."

Kasisi alimwombea, lakini hakumwambia kwamba amefanya vyema.

Jumamosi, Shenuda alipita nyumbani kwake. Hakuja kumtisha wala hakuja na zawadi. Alisimama mlangoni akiuzungusha ule uzi mkononi, kama alivyozoea tangu utotoni, akasema kwa upole, "Mama, watu wananiuliza kama nina wasiwasi. Nimewaambia, wasiwasi wa nini, naye aliyenifunga yu hai na hajawahi kudanganya?" Akaaga akaenda. Tekla alikaa chini pale pale, kwenye kizingiti. Ningependa kuwaambia kwamba aliomba akapata nguvu. Wasimulizi hawasemi hivyo. Wanasema alikaa pale mpaka mbuzi wakalia kutaka kukamuliwa.

Jumapili ua wa kanisa ulijaa pomoni. Mikuki ilikuwa imeachwa nje ya lango, lakini kila mtu aliona jinsi nguo zilivyofutuka viunoni. Shenuda alisimama kulia na watu wake, Bakhomi kushoto na wake, na katikati wakaacha njia nyembamba. Tekla akaipita njia hiyo akiwa na shuka lake jeupe la ibadani. Alikuwa akisikia pumzi za watu.

Mzee wa baraza akasema, "Mama Tekla, wewe hatukuapishi. Tuambie tu: ni nani aliyetangulia?"

Tekla aliwatazama wale ndugu wawili, watu wazima wenye ndevu, akawaona jinsi walivyokuwa siku ile kwenye kitambaa, rangi ya jivu. Jina la Shenuda lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Aliona namna ambavyo angelitamka, na namna ambavyo mji mzima ungeshusha pumzi.

"Sijui," alisema.

"Paza sauti, Mama!"

"Sijui ni nani aliyetangulia. Siku ile sikujua, na leo sijui. Uzi niliufunga kwenye mkono uliokuwa karibu nami. Nikamdanganya baba yenu, nikawadanganya ninyi, nikaudanganya mji huu miaka thelathini na miwili. Shenuda hana hatia. Bakhomi hana hatia. Hatia ni yangu."

Sauti zikalipuka. Mwanamke mmoja alipiga kelele, "Na mapacha wangu je? Nao uliwabahatisha?" Jiwe likarushwa, likampiga begani. Mtu akasema Shenuda ameketi juu ya haki ya mwenziwe, mwingine akamsukuma, na majambia yakachomolewa pande zote mbili. Tekla hakukimbia. Alisogea mpaka katikati ya ile njia nyembamba, iliyokuwa ikizidi kuwa nyembamba, akaunyosha mkono wake wa kulia.

"Mkono uliofunga ni huu," alisema huku akilia. "Kama ni lazima mkate, anzeni hapa."

Jambia lililokuwa karibu naye zaidi lilikuwa mbali kiasi cha hatua moja. Ndipo Kasisi Isidori alipopenya katikati ya watu, joho lake limechanika begani, akasimama ubavuni pa Tekla.

"Nami nisikilizeni," alisema. "Juzi alikuja kwangu kutaka shauri. Mimi, kasisi wenu, nilimshauri awadanganye. Alinikatalia."

Hapo mikono iliyoinuka ikashuka. Shenuda aliutazama mkono wake. Uso wake ulikuwa umesawijika, maana hakuna aliyepoteza kitu siku ile kama yeye. Aliuzungusha uzi mara moja, mara mbili. Kisha akauinamia akaukata kwa meno, akautupa chini.

"Ulikuwa wangu kwa sababu Mama alisema," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Sasa Mama amesema vingine. Ndugu yangu, mimi na wewe hatujui. Tupige kura, kama mitume walipomtafuta mwenzao wa kumi na mbili."

Bakhomi alikuwa bado ameshika jambia. Alimtazama ndugu yake kitambo, akalirudisha alani. "Tupige," alisema.

Wazee wakaleta chungu, na kila ndugu akavua pete yake. Itakayotolewa, mwenyewe ndiye mkuu wa mji. Lakini nani aitoe? Akatajwa mzee mmoja, ikasemwa ni mkwe wa Shenuda. Akatajwa mwingine, ikasemwa analima shamba moja na Bakhomi. Kasisi aliinua mikono akasema asitajwe. Kelele zikaanza upya, na mikono ikarudi viunoni.

"Mama Tekla ndiye atoe," Bakhomi alisema.

"Mwongo huyo!" mtu alipaza sauti.

"Ndiyo, mwongo. Nimemsikia akijitaja kwa kinywa chake, akijua atapigwa mawe. Mkimtoa Kasisi, nitajieni mwingine katika ua huu aliyefanya hivyo leo."

Hakuna aliyetajwa. Mzee wa baraza alichungulia chunguni akatikisa kichwa. "Pete hizi hazifanani," alisema. "Ya Shenuda ina jiwe. Mkono utaijua."

"Ndiyo maana tunautaka mkono wake," alisema Shenuda.

Tekla aliwatazama wote wawili, machozi yakimtiririka. "Hapana, wanangu," alisema. "Zifungeni kwanza kwenye vitambaa vinavyofanana. Mkono huu naujua mimi."

Mtu mmoja alicheka, kisha mwingine, na kilikuwa kicheko cha kwanza mjini mle tangu msiba. Pete zikafungwa vitambaa, chungu kikatikiswa. Tekla akafumba macho, akatia mkono, akatoa. Ndugu aliyeshinda alimkumbatia aliyeshindwa, na kabla jua halijatua mikuki ilikuwa imeondoka kisimani. Lakini msidhani Tekla aliimbiwa nyimbo. Mwaka mzima hakuna mwanamke aliyemwita kumzalisha. Aliishi kwa mbuzi wake, na bega lake liliuma kila msimu wa baridi mpaka alipokufa. Wa kwanza kumwita tena alikuwa mke wa Shenuda.

Nami nilipokisikia kisa hiki kwa mwalimu wangu, zamani, niliuliza ambalo bila shaka nanyi mnataka kuuliza: kura ilimwangukia nani? Mwalimu alifikiri sana. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili mbele yake, wote tukingoja, na mwalimu hapendi kukosa jibu mbele ya wanafunzi. Angeweza kututajia jina lolote kati ya yale mawili, nasi tungeondoka tumeridhika.

"Sijui," alisema.

Tangu siku ile, kila alipotuambia kwamba jambo fulani analijua, nilimwamini.