Majivu ya Kifaru

Hapo zamani za kale, siafu walipokuwa bado hawaogopi kitu, wanyama walikaa kijiji kimoja na kila mmoja alikuwa na jiko lake. Msicheke. Hata Kifaru alikuwa nalo.

Asubuhi moja nyenje waliacha kulia ghafla. Kisha ikasikika kutoka bondeni: chakachaka, chakachaka. Jeshi la siafu lilikuwa linapanda, jeusi, pana kama shamba, na lilikopita hakubaki hata panzi.

Wenye mbio walikimbia. Mama Nguchiro hakuweza. Wanawe wanne walikuwa shimoni, macho hayajafumbuka, na kinywa chake kiliweza kubeba mmoja tu.

Kitu kimoja tu kiliwazuia siafu, nacho ni majivu ya Mzee Kifaru. Kwa miaka mitatu alichoma mti huu na ule, akaungua midomo, mpaka akaupata ule ambao majivu yake siafu hawayavuki. Aliyazungushia pango lake akatulia. Ni mti gani, hakumwambia mtu. Nyati alimbembeleza, Tembo akamtisha, wote wakaonyeshwa pembe.

Mama Nguchiro akabisha hodi.

"Kama ni majivu, rudi," Kifaru alisema. "Niliungua peke yangu. Mkishajua siri, nani atanikumbuka?"

Na hapo hakukosea, wanangu. Wangemsahau siku hiyo hiyo.

"Sitaki majivu, mzee. Jiko langu limezimika. Naomba kaa la moto."

Katika kijiji kile, aliyemnyima jirani moto hakusalimiwa tena mpaka anazikwa. Na siku hiyo pangoni kulikuwa na moto mmoja tu, ule wa mti wake wa siri. Kifaru akahema, akamsukumia kaa moja juu ya kigae.

Njiani Nguchiro akalipuliza, fuu! Moshi ukampanda puani, mchungu kama dawa aliyonyweshwa utotoni alipougua homa. Mwarobaini!

Chakachaka, chakachaka. Siafu walikwisha fika kwenye mihogo.

Nguchiro akapiga yowe, akawaambia wote waliobaki wachome mwarobaini. Wakakusanya vijiti na majani makavu, wakachoma, wakamwaga majivu milangoni. Siafu wakafika kwenye shimo la Nguchiro. Wakayapapasa majivu, wakasimama. Ndani mtoto mmoja alilia, na mama yake akajibana mlangoni.

Kisha jeshi likageuka, likashuka.

Kifaru akaja mbio, pembe mbele. "Mwizi wewe!"

Nguchiro alijua pembe ile ingemmaliza, lakini hakutoka mlangoni.

"Ni kweli, nimekuibia," alisema. "Nami natamka mbele ya wote: haya ni majivu ya Kifaru. Kila atakayeyamwaga alitaje jina lako kwanza, na kila mavuno akuletee mzigo wa majani mabichi. Mimi nitaanza."

Wengine wakaitikia, Tembo wa kwanza. Kifaru akachungulia shimoni, akawaona wale wanne wamelaliana. Akaigeuza pembe kando.

"Nirudishie kigae changu," alisema.

Na mpaka leo anayemwaga majivu mlangoni kule hutaja jina lake kwanza.

Basi wanangu, aliyegundua ana haki ya jina na malipo yake, ila hana haki ya kufunga mlango wakati jirani analiwa.