Mwanakombo Atangaza Fani Ndogo

Hapo zamani, zamani ambazo mimi na wewe hatukualikwa, palikuwa na mji ukiitwa Shungi, na Sultani wake akiitwa Mwinyihatibu. Mji ule ulikuwa na chuo kikubwa, na desturi yake ilikuwa hii: kila mwanafunzi husoma fani kuu moja, na akishaiva kidogo huchagua fani ndogo ya kuisindikiza, akaitangaza barazani. Alikubalilo Sultani, mpiga mbiu hulipigia pembe mji mzima. Na katika Shungi neno likishapigiwa pembe halirudi, na alivunjaye hufukuzwa mjini, awe nani.

Basi chuoni palikuwa na msichana mmoja, Mwanakombo binti Shaweji, fukara wa kutupwa, mwenye kaniki moja tu, akiifua huku kajisitiri kwa mkeka. Fani yake kuu ilikuwa utabibu. Watu walimwita punguani, kwa kuwa aliuliza yale ambayo wenye akili zao waliyaogopa.

Siku moja akamwendea mwalimu wake, Maalim Nyange, macho mekundu kwa kulia.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Mtoto wa jirani tumemzika leo. Tumbo lake nililitibu likapona, likarudi, nikalitibu tena. Dawa yangu yafaa nini, ikiwa mtaa mzima wanywa maji ya mtaro? Maalim, nataka fani ndogo ya siasa ya mji, nijue amri hutungwaje na hutenguliwaje."

Maalim akashusha pumzi. Alijua habari ile, nani asiyeijua? Waziri Mwinyimvua alikuwa amekitia kisima cha mtaa ndani ya bustani yake, akakizungushia ukuta, kisha akapata amri ya Sultani, isiyopigiwa pembe, kwamba atakayelisema jambo hilo atapigwa bakora. Ikawa watu wamenyamaza kama maji ya mtungini.

"Fani hiyo husomwa na watoto wa mawaziri," akasema Maalim, "maana aimalizaye hupata haki ya kusema barazani. Na utaiweka wapi? Utabibu wenyewe wakulaza hoi."

"Nimeshaipanga. Asubuhi darsa la tiba, adhuhuri darsa la sheria, alasiri darsa la hazina."

"Na kula je?"

"Kula sikukupanga, Maalim, kwani hata sasa hakupo."

Maalim akacheka asitake, akampa radhi.

Basi siku ya kutangaza ikafika, baraza likajaa, na Mwanakombo akasimama na kaniki yake akaitaja fani aitakayo. Lahaula! Waziri alicheka hata kilemba kikamlegea, kisha akainama akamnong'oneza Sultani. Sultani akakohoa, akasema, "Ewe binti Shaweji, siasa si mchezo wa komwe. Tunga sheria moja, nami nitaipigia pembe sasa hivi. Likichwa jua asipatikane hata mtu mmoja aliyeivunja, fani ni yako. Akipatikana, chuo hukioni tena."

Waziri akajilamba midomo, maana mvunjaji alikuwa ameshampata: ni yeye mwenyewe. Sheria yoyote itakayotoka kinywani mwa punguani yule, ataikaidi papo hapo, na mambo kwisha; kwa kiburi chake hakukumbuka kuwa alivunjaye neno la pembe hufukuzwa.

Mwanakombo akapiga magoti. Akasema, "Seyyid yangu, sheria yangu ni fupi. Leo kila mtu wa Shungi mwenye jambo limkeralo, na aje aliseme mbele ya Sultani. Asiye nalo na anyamaze. Wala asipigwe mtu."

Sultani akaona ni maneno ya kitoto, akatoa ishara, pembe ikalia mtaa hata mtaa.

Waziri akaruka. "Upuuzi mtupu! Sheria hii yanikera, nami siitii!"

"Ahsante, bwana Waziri," akasema Mwanakombo. "Umekuwa wa kwanza kuitii."

Baraza zima likaangua kicheko. Waziri akafumba kinywa, akakumbuka kuwa hata kunyamaza ni kutii, akakifumbua tena, ikawa hajui akiweke wapi. Kabla hajaamua, akaingia bibi kizee, nyanya wa yule mtoto aliyezikwa. "Seyyid, kisima chetu kimo bustanini mwa Waziri, na mjukuu wangu kafa kwa maji ya mtaro."

Waziri akainua bakora.

"Mpige, bwana," akasema Mwanakombo taratibu. "Uvunje neno la pembe, fani niikose, nawe uhame mji."

Ile bakora ikabaki juu, kisha ikashuka pole pole. Nyuma ya bibi akaja mwingine, na mwingine, mtaa mzima, na kila mmoja alisema kisima. Sultani akatazama chini kwa haya. "Mimi niliambiwa kisima kile kimekauka," akasema. Kisha akasimama. "Nami ni mtu wa Shungi, sheria yanihusu. Linikeralo ni Waziri aniambiaye uongo, na mimi niliyeupokea. Ukuta ubomolewe leo, na anayeubomoa awe yeye kwa mikono yake."

Pembe ikalia kwa kisima, ikalia tena kwa fani ndogo ya Mwanakombo. Sultani akacheka akajifuta machozi, akamwuliza, "Sasa hebu niambie, wee binti, fani hii waisomea nini tena, na umeshanishinda nayo?"

"Seyyid yangu, leo nimejua kuwafanya watu waseme. Kesho watakuja tena, wakitaka jibu. Hilo ndilo sijasoma."

Sultani akaacha kucheka. Akauliza darsa huanza saa ngapi, maana naye alitaka kwenda.

Hekaya yangu imekoma hapo. Wa kuongeza chumvi na atie chunguni mwake.