Tarehe ya Koplo Mihayo

Sogeeni. Wenye hasira za karibu wakae nyuma, maana hii itawachoma.

Koplo Mihayo alirudi kutoka vitani na mguu mmoja. Watu watatu walimpigania: Nyamizi aliyejua kutunza, Mbaruku aliyejua kukumbuka, na Kabula aliyejua kung'ang'ania.

Nyamizi, mkewe wa kwanza, aliandika barua ya kudai fidia mwaka uleule. Aligoma kuondoka ofisini mpaka nakala yake igongwe muhuri wa siku hiyo. Ofisi ikaipoteza barua. Mihayo naye, kwa ulevi, akampa Nyamizi talaka, naye ana mtoto mgongoni. Aliondoka na ile nakala, akaiweka kwenye kopo la maziwa ya unga miaka thelathini na moja.

Mbaruku ndiye aliyembeba Mihayo alipokanyaga bomu. Miaka mingi baadaye, dai la pili lilipopelekwa, madaktari walisema mguu ulikatwa kwa kisukari. Mbaruku akasafiri siku mbili kwa basi kwenda kuapa. "Mguu huo niliufukia mwenyewe," aliwaambia. "Mnataka niwaonyeshe shimo?"

Kabula, mke wa pili, alimwogesha na kumgeuza kitandani miaka kumi na tisa. Dai lilikubaliwa, lakini malipo yakahesabiwa tangu siku lilipopokelewa: miezi minne tu! Muda wa kukata rufaa ulikuwa unakwisha. Kabula akameza kiburi, akaenda kwa mtalaka kuomba ile nakala.

"Ingia, mdogo wangu," Nyamizi alimwambia. "Ila ujue sikuitunza kwa ajili yake."

Kabula akaifikisha nakala zikiwa zimebaki siku mbili.

Rufaa ikashinda. Tarehe ikarudishwa hadi kwenye ule muhuri. Barua ya ushindi ilifika siku ya kumi na moja baada ya Mihayo kuzikwa. Ilikuwa na sharti: kama mwenye dai amefariki, ukoo utaje mtu mmoja wa kulipwa ndani ya siku thelathini, la sivyo dai linafungwa na tarehe inafutwa.

Lakini kwao mambo ya marehemu hayaguswi kabla ya arobaini. Walipokaa kikao, ilibaki siku moja. Wajomba ambao hawakuwahi kumnunulia hata gongo la kutembelea wakala pilau kwanza, ndipo wakauliza nani atajwe.

"Bila muhuri wangu mngelipwa miezi minne," alisema Nyamizi. "Mwanangu alikulia kwa watu."

"Bila mimi karatasi ingeozea kwenye kopo," alisema Kabula. "Nyumba ninayolala ni yenu. Kesho mtanitoa."

Mbaruku alisimama kwa shida. "Mgongo wangu uliharibika nikimbeba. Nami nilidai fidia. Shahidi wangu alikuwa Mihayo peke yake, na hakuja."

Msiniambie alipwe mmoja awagawie wenzake. Mihayo aliwaahidi wote watatu hivyohivyo.

Ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi, na fomu ina mstari mmoja. Je, wewe ungeandika jina la nani?