Kiboko Msoma Vitabu na Tikiti la Pimbi

Nina ngano.
— Ilete.
Ina kucha.
— Itukune mgongo.
Ina mdomo mpana.
— Basi ni ya mkubwa fulani. Tuambie.

Palikuwa na Kiboko, msoma vitabu wa mto mzima. Mnyama akitunga kitabu, sharti ampelekee Kiboko, na juu ya kitabu aweke tikiti. Kiboko hufungua ukurasa wa kwanza, fyaa. Hufungua wa mwisho, fyaa. Katikati hafiki, muda huo anakula tikiti, kwachu kwachu. Kisha hutoa neno mbele ya baraza, na sheria, aliyoitunga mwenyewe, ilisema neno la Kiboko likishatoka halirudi.

Swala alileta hadithi ya mapenzi na tikiti dogo. Fyaa, fyaa, kwachu kwachu.

"Wanapendana," akasema Kiboko. "Walikuwa na kazi gani nyingine?"

Kitabu kikatupwa matopeni, chubwi.

Kobe alileta kitabu cha safari na tikiti dogo. Fyaa, fyaa, kwachu kwachu.

"Amekwenda, amerudi. Angekaa kwake tungepumzika sote."

Chubwi.

Nungunungu alileta kisa cha mauaji. Tikiti lake lilikuwa dogo kuliko yote.

"Muuaji ni mpwa wa marehemu," akasema Kiboko. "Nimewapunguzieni kazi."

Chubwi.

Nyati akaleta historia ya ukoo wake, na tikiti kubwa kama kichwa chake. Kiboko akafumba macho, akatafuna, akayafumbua.

"Nimekisoma neno kwa neno, na yote yaliyomo nayakubali."

Kitabu cha Nyati kikawekwa juu ya jiwe, watu wakisujudie.

Pimbi aliyatazama hayo kutoka mwambani. Mwaka ule mvua haikunyesha. Ghala la Kiboko lilikuwa limejaa matikiti ya watunzi. Kwa Pimbi lilibaki tikiti moja kubwa, la watoto. Pimbi akakaa, akaandika kitabu. Alipomaliza akalibeba tikiti.

"Mume wangu," akasema mkewe, "hilo ndilo la mwisho. Watoto watakula nini?"

"Wanakula leo jioni. Au hatuli tena."

"Kwa ajili ya kitabu?"

"Kwa ajili ya ukurasa mmoja."

Mke akamtazama kama atazamwavyo mgonjwa, akamfuata barazani na watoto nyuma.

"Shikamoo, mzee," akasema Pimbi.

"Marahaba. Weka hapo. Hapana, karibu zaidi."

Fyaa. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: Sifa za Mto. Fyaa. Wa mwisho uliandikwa: Shukrani kwa wasomaji makini. Tikiti likapasuka, pwaa. Kwachu kwachu kwachu. Watoto wa Pimbi wakatazama kila kipande kikiingia.

"Nimekisoma neno kwa neno," akasema Kiboko, maji yakimtiririka kidevuni, "na yote yaliyomo nayakubali."

"Ahsante, mzee. Ningeomba Kobe atusomee kidogo pale katikati, baraza lionje."

Kobe akafungua. Akasoma polepole, kwa kuwa hana namna nyingine ya kusoma: "Ghala la Kiboko ni la wote waliotupiwa vitabu matopeni, na la watoto wa Pimbi. Kiboko atakula nyasi."

Mbayuwayu mmoja akakohoa.

"Hilo sikuliona," akasema Kiboko.

"Basi hukukisoma, mzee?" akauliza Pimbi.

"Nani amesema sikukisoma?"

"Mimi sijasema. Ila kama hiki hukukisoma, ndugu zangu hawa watauliza vyao ulivisomaje, na matikiti waliyatoa kwa kazi gani."

Swala akasogea mbele. Nungunungu akatikisa miiba, chaka chaka. Nyati naye, ambaye kitabu chake kilisifiwa, akaanza kuhesabu kurasa zake kwa wasiwasi.

Kiboko akaangalia ghala. Akaangalia wanyama. Kati ya kukosa chakula na kukosa heshima ya msomi, akachagua.

"Nimekisoma," akasema. "Na hapo katikati ndipo palipoandikwa vizuri zaidi."

Akateremka kutafuta nyasi, na mpaka leo anakula nyasi. Nyuma yake watoto wa Pimbi walishafika ghalani: pwaa, pwaa, pwaa.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwanogea, ni yenu. Ikiwakwama kooni, kunyweni maji.

Na funzo lake, enyi mlioketi, ni hili: msisome katikati ya kitabu. Huko ndiko mtu hupotezea mali yake. Someni jalada, sifieni kwa sauti, na mkiulizwa, semeni mwandishi ana kipaji. Wakubwa wote wanafanya hivyo, na mbona wamenenepa.