Sinia za Jarso na Kiu ya Firigogo

Paukwa!

Pakawa!

Waliokaa nyuma wamejibu bila kufungua midomo. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani hizo, jua lilipokuwa halina kazi ila kuwaka, palikuwa na kijiji pembeni mwa jangwa. Kuni zilikuwa mbali. Wanawake walitoka alfajiri, wakarudi jioni, migongo imepinda kama kulabu.

Mfua shaba mmoja, jina lake Jarso, akamhurumia mkewe Hawaye. Akafua sinia kubwa za shaba, zimebonyea kidogo katikati. Akazisugua kwa majivu na ukwaju. Akazipanga uwandani, nje ya kijiji, zikalitazama jua, na juu yake akaning'iniza vyungu. Maji yakachemka. Bwata, bwata, bwata! Hakuna kuni, hakuna moshi. Wanawake wakapiga vigelegele, wakataka sinia zaidi, na zaidi, hadi uwanda mzima ukang'aa.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Kisima kikikaribia kukauka, hawakuchimba kingine ovyo. Waliwangoja firigogo, ndege wa jangwani wanaoruka asubuhi kwenda kunywa. Madume hulowesha manyoya ya kifua na kuwapelekea makinda maji. Firigogo wakitua, watu hukimbilia hapo na majembe.

Mwaka huo kisima kikabaki tope. Wanaume wakawafuata ndege. Kirr, kirr, kirr! Ndege wakafika juu ya uwanda, wakageuka, wakatua kwenye sinia. Tsss! Wengine wakaruka na miguu iliyoungua. Wengine hawakuruka tena. Na wanaume, kwa kuwa desturi ni desturi, wakachimba palepale, katikati ya vyungu. Wakapata vumbi. Kesho yake wakachimba tena. Wakapata kobe, naye amekasirika.

"Mnatutilia mchanga kwenye uji!" wanawake wakafoka.

"Sinia zenu zinatuulia ndege! Nani atatuonyesha maji?" Wanaume wakainua mashoka.

"Vunjeni," akasema Hawaye, mwiko mkononi. "Kesho kuni mtafuata ninyi."

Mashoka yakashuka kidogo.

Ndipo wakamwita Bi Halako, ajuza asiyetoa neno kabla ya kutazama. Mkuu wa kijiji, Jumbe Barisa, akamtangulia kusema. "Bibi, tusipoteze wakati. Ndege ni wajinga. Mwenye akili gani atadhani shaba ni maji?"

"Huenda," akasema Bi Halako. "Panda ngamia, Jumbe. Tazama kutoka juu, kama wao."

Ilikuwa adhuhuri, na Jumbe alikuwa hajanywa tangu asubuhi. Akapanda. Ngamia akasimama, nyong'o, nyong'o. Jumbe akatazama chini. Anga lote lilikuwa limelala pale, la buluu, linametameta. Akameza mate.

"Maji!" akapiga kelele. "Jamani, kumbe yapo hapa siku zote!"

Akatupa kilemba, akaruka. Kwangwara! Tsss!

"Mamaaa!"

Wakamtoa, wakamlaza kifudifudi kivulini.

"Unasemaje sasa, Jumbe?"

"Ndege wana akili sana, bibi."

"Basi tuvunje!" wakadakia wanaume.

"Sijamaliza. Hawaye, kunde zako huiva saa ngapi?"

"Kabla ya adhuhuri, bibi."

"Zikiiva alasiri?"

"Nitanung'unika."

"Nung'unika, mjukuu wangu. Si vibaya." Akamgeukia Jarso. "Sinia zitoke uwandani. Pale kobe wanataga na nyasi zinaota. Zipeleke kwenye zizi kuukuu la mbuzi, ambako hajabaki hata sisimizi. Kisha uzipake chokaa, mistari mipana. Hakuna bwawa lenye mistari."

Jarso nusura alie. "Chokaa kwenye shaba yangu! Nusu ya moto itapotea!"

"Robo tu. Nimejaribu kwenye ile sinia yako."

"Ipi?"

"Uliyoibiwa."

Jarso akaenda kukoroga chokaa. Wakahamisha, wakapaka. Ila firigogo hawakuonekana. Watu wakakamua tope kwa kitambaa, wakagawana matone. Wakaanza kumtazama Bi Halako kwa jicho baya.

Asubuhi moja: kirr, kirr, kirr! Ndege wakaja juu ya zizi. Wakazunguka. Hakuna aliyepumua. Wakazunguka tena. Kisha wakapita, wakaelekea nyuma ya vilima vyeusi, na kijiji kizima kikakimbia nyuma yao, Jumbe akichechemea.

Ndege walitua kwenye mkondo mkavu, wakadonoa mchanga, wakaruka watu walipofika. Majembe yakaingia. Mchanga ukageuka mweusi, kisha, chwap! Maji. Jumbe akainama kunywa. Bi Halako akamshika kanzu.

"Wenyeji kwanza," akasema.

Wakarudi nyuma, wakachuchumaa, ndimi zimekauka. Firigogo wakashuka. Madume wakalowesha vifua, taratibu, bila haraka hata kidogo, na watu wote wakawasubiri.

Basi, ukileta neema mahali, mtazame yule aliyekuwapo kabla yake, nawe ukubali kupungukiwa kidogo ili naye abaki.

Hadithi yangu imefika majini na hapo inakomea. Anayetaka kwenda mbele zaidi, aende mwenyewe.